Earphone za Kumtambua Warigia

Earphone za Ken zilikata roho Jumatano saa kumi alasiri, mbele ya mashahidi wanne, na mashahidi wote wanne walikuwa magunia ya viazi.

Aliyeyapanga magunia hayo ni Kabura, dada yake. Aliyasimamisha kando ya zizi, akalivika kila moja shuka kutoka juu hadi chini, kisha akarudi nyuma hatua tano akayakagua kwa uso mkavu, kama mwalimu wa zamu anayekagua foleni ya asubuhi. Kabura alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, shule ya bweni. Likizo ya Agosti ilikuwa imemkalia vibaya; wiki nzima hajapata mtu wa kumchezea shere. Sasa kaka yake mwenyewe alikuwa amemletea kazi hadi mlangoni.

"La pili kutoka kwa mlango," alinong'ona kwenye simu. "Tembea pole pole. Tabasamu. Unaenda kuchukua bibi, si kusoma mita ya stima."

Ken akatembea. Akatabasamu. Waya wa earphone ulining'inia kutoka sikioni ukapita kando ya shati hadi mfukoni, na katika safari hiyo ukajinasa kwenye komeo la zizi. Ken akaenda, waya ukabaki. Mlio mdogo wa kukatika ukasikika, wa adabu kabisa, kisha kimya.

"Zimekufa," Ken akasema, akikitazama kipande cha waya mkononi kama mtu aliyeshikishwa mkia wa mjusi.

"Poleni kwa msiba," Kabura akayaambia magunia.

Lakini Ken hakucheka, na alikuwa na sababu. Jumamosi ilikuwa ruracio yake, siku ya kupeleka mahari kwa kina Warigia huko Kiriaini. Mambo mengi ya siku hiyo hayakumhusu: mbuzi, mablanketi na hotuba ndefu vilikuwa mikononi mwa wazee. Aliachiwa jambo moja tu. Kabla ya watu kula, wasichana wa boma lile wangetolewa nje kwa mstari, kila mmoja amefunikwa leso gubigubi, na Ken angetakiwa amwonyeshe bibi yake ni yupi. Haruhusiwi kuuliza. Haruhusiwi kugusa wawili. Akikosea, upande wake unatozwa faini, lakini faini ni jambo la siku moja. Jina ndilo linalobaki. Mjomba wao Hezekiah, miaka ishirini na miwili iliyopita, alimfunua nyanya ya bibi arusi kwa furaha kubwa, na mpaka leo hawezi kuingia katika mkutano wa familia bila mtu kumuuliza habari za yule mzee wake.

"Kwani wewe humjui Warigia?" Kabura alikuwa amemuuliza siku ya kwanza.

"Namjua. Lakini miezi minne sijatoka Wang'uru." Ken alikuwa fundi katika kinu cha mchele, na msimu wa mavuno haukuwa na ruhusa. "Miezi minne namwona kwa simu tu, Kabu. Kutoka kidevu kwenda juu. Na hiyo sehemu ndiyo wataifunika yote!"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito hata kwa Kabura.

"Na nikikosea," Ken akaendelea kwa sauti ya chini, "hatasema kitu. Atacheka na wengine. Lakini atajua nilikuwa naongea na uso tu."

Ndipo Kabura alipobuni mpango. Mdogo wake Warigia, Beth, alikuwa mwenzake wa dawati shuleni. Beth ndiye angekuwa jikoni akisaidia kuwafunika wasichana. Angempigia Ken simu, Ken awe na earphone sikioni, na Beth angemwambia: wa kwanza, wa pili, wa tano. Kazi imekwisha, watu wakale.

Sasa earphone yenyewe ilikuwa marehemu, na siku zilizobaki ni mbili.

Alhamisi asubuhi walishuka Nyeri mjini. Ken alikuwa na shilingi mia saba, kwa kuwa kila kitu kingine alichokuwa nacho kilikuwa kimeshakuwa mbuzi. Kabura alikuwa na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika masharti ya ununuzi, nayo aliyasoma barabarani kwa sauti ya mwalimu mkuu anayetangaza wanafunzi waliofukuzwa:

"Kisionekane. Kisipige kelele. Kisianguke mtu akiinama kusalimia wazee. Na viwe viwili visivyo na waya."

"Kwa nini viwili? Mimi niko na kichwa kimoja."

"Sikio moja lako, moja langu. Mtihani haufanywi bila msimamizi."

Muuzaji waliyemwendea aliitwa Mutwiri, Mmeru mnene mwenye kibanda chembamba chini ya ngazi za jengo moja karibu na soko. Kibanda kilikuwa na chaja, vifuniko vya simu, tochi, na ukutani earphone zimeninginizwa kama soseji. Juu yake palikuwa na tangazo la kadibodi: UKIWEKA KWA SIKIO UMENUNUA.

"Karibu customer. Karibu madam. Mnataka ya muziki ama ya kuonekana?"

"Tunataka ya kutoonekana," Kabura akasema.

Katika miaka yake yote ya biashara Mutwiri hakuwa amesikia mteja kijana akitaka kitu kisionekane. Akatoa za kwanza: nyeupe, zenye miguu mirefu iliyoshuka hadi kwenye shavu.

"Hizi ndizo zinaenda sana."

Kabura akamshikia Ken moja kando ya sikio, akapinda kichwa. "Anakaa kama mtu aliyesahau mfupa wa kuku sikioni."

Za pili zilikuwa ndogo, na Ken akafurahi, hadi Mutwiri alipozifungua. Zikaanza kuwakawaka nyekundu na buluu, nyekundu na buluu, na mama aliyekuwa akipita na kikapu akasogea kando kupisha gari la polisi.

Za tatu hazikuwa na taa, wala mguu. Mutwiri akaziunganisha na simu yake kwa fahari. Mara sauti ya mwanamke wa mbali, Mchina anayeongea Kizungu, ikalipuka humo ndani ikitangaza kwamba sasa zimeunganika. Muuza mitumba wa upande wa pili akainua kichwa.

"Umesikia?" Mutwiri akasema. "Clear!"

"Nimesikia," Kabura akajibu. "Hata Karatina wamesikia. Tutoe hii."

"Kwani mnataka kuibia nani mtihani?"

"Wazee wa Kiriaini."

Ken alitaka ardhi immeze, lakini Mutwiri aliposimuliwa kisa akaacha kutania. Alivuta kiti, akakaa, akafikiri. Yeye mwenyewe alikuwa ameoa na alijua jasho la siku hiyo. Hatimaye akafungua droo ya chini kabisa, akasukuma kando betri na nyembe, akatoa kijiboksi kisicho na jina. Ndani yake mlikuwa na vidude viwili vya rangi ya kahawia iliyokolea, vikubwa kama maharagwe ya nyayo, na juu yake vimpira laini vya kuziba tundu la sikio.

Kabura akavisogeza kwenye sikio la Ken. Vilikuwa vya rangi ya Ken. Aliviangalia kwa mbali, kwa karibu, na kwa pembeni, akamwagiza Ken ainame, aruke, atafune hewa. Havikuanguka.

"Chaji inakaa saa ngapi?"

"Saa mbili," Mutwiri akasema. "Ikizidi hapo, ni Mungu."

"Muziki unalia vizuri?"

"Hapana. Siwezi kudanganya. Muziki unalia kama uko ndani ya sufuria. Lakini mtu akiongea, unamsikia mpaka mate."

"Shilingi ngapi?"

"Elfu moja. Lakini kwa sababu ni mambo ya ndoa, mia nane."

"Mia sita. Kwa sababu akikosea, nitasema alinunua wapi."

Walifika mia sita na hamsini, na Mutwiri akavipangusa vimpira kwa koti lake, kitendo ambacho Kabura aliamua kutokiona.

"Tunajaribu kwanza," akasema. "Ken, weka moja, nenda hadi kona ile. Nitakupigia."

Ken akaenda, mikono mfukoni, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa anayesikiliza amri za mtoto. Sauti ya Kabura ikamfikia safi kabisa.

"Unanisikia? Usijibu. Kuna mzee wa kofia ya kijani mbele yako. Huyo ni rafiki ya baba. Alikuja mazishi ya babu. Msalimie vizuri, usituaibishe."

Ken akainama, akampa mzee mikono miwili, akamuuliza habari za nyumbani, ng'ombe, na mguu. Mzee, ambaye hakuwa amewahi kumwona kijana huyu duniani, alifurahi sana. Alimshika mkono asiuachilie, akamweleza habari za mguu kuanzia mwaka ulipovunjika. Kibandani Kabura alikuwa ameinamia meza, mabega yakimtikisika, na Mutwiri akijifuta machozi kwa karatasi ya risiti.

Baada ya robo saa Ken alirudi, uso umeiva.

"Rafiki ya baba, ee?"

"Sasa ni rafiki yako. Umesikia vizuri lakini?"

"Jumamosi ukiongea neno moja, Kabu, neno moja tu..."

"Jumamosi ni Beth atakayeongea. Mimi nitasikiliza tu." Kabura akaweka mkono kifuani. "Naapa kwa uji wa shule."

Jumamosi walifika Kiriaini saa nne, wakazuiliwa langoni kama ilivyo desturi, wakaimba, wakaimbiwa, wakaingia. Wazee wakajifungia ndani na mazungumzo yao. Ilipofika saa nane walitoka na nyuso za watu waliokubaliana, na hapo Tata Jeniffer akachukua uwanja.

Tata Jeniffer alikuwa shangazi yake Warigia na alikuwa amesimamia ruracio kumi na moja bila bwana arusi yeyote kumshinda bila jasho. Mwaka huu alikuwa amezidisha. Wasichana saba walitoka nyuma ya nyumba wameshikana mikono kupitia ndani ya nguo, wamefunikwa leso za maua ya aina moja, zilizonunuliwa duka moja, siku moja. Warefu walikuwa wameagizwa wakunje magoti. Wembamba walikuwa wamefungwa sweta kiunoni. Na ili mtu asije akasoma miguu, wote saba walikuwa wamevaa gambuti za kuchumia chai.

"Gambuti!" Mjomba Hezekiah aliugua kutoka kwenye kiti chake. "Zamani angalau kulikuwa na vidole."

Wanawake wakaanza wimbo, makofi yakashika. Ken alisimama katikati ya ua. Katika sikio lake la kushoto, nyuma ya nywele alizokataa kunyoa wiki ile, harage lilikuwa limetulia. Lingine lilikuwa kwa Kabura, chini ya kitambaa cha kichwa, hatua sita nyuma yake kati ya akina mama. Simu ilikuwa mfukoni mwa Ken, imeshapokelewa.

"Beth," Ken akanong'ona bila kusogeza midomo. "Ni wa ngapi?"

Kabura akashika pumzi. Katika sikio lake palikuwa na mkwaruzo wa kitambaa, halafu sauti. Haikuwa ya Beth.

"Ken. Beth nimempokonya simu."

Mgongo wa Ken ulinyooka kama aliyemwagiwa maji.

"Na Kabura, najua uko hapo. Beth hawezi kuweka siri, ungemuuliza mtu yeyote wa bweni lenu." Warigia alikuwa akizungumza kutoka ndani ya leso, polepole, na hakuwa akicheka. "Ken, toa hicho kitu kwa sikio. Miezi minne naongea na wewe kila siku, na unataka kuambiwa mimi ni nani? Toa. Unitafute mwenyewe. Ukinikosa tutacheka na watu. Lakini nataka kujua."

Kabura aliwahi kuona watu wakikamatwa na simu bwenini, wakikamatwa na mandazi, wakikamatwa juu ya ukuta wa shule. Hakuwa amewahi kuona mtu akikamatwa namna hii, mbele ya watu mia, bila mtu mmoja kujua. Alimwona Ken akiinua mkono kana kwamba anajikuna, akalitoa harage sikioni, akalitia mfukoni. Kisha akashusha mabega, akaanza kutembea.

Alipita wa kwanza. Akapita wa pili, akasita, akaenda. Wimbo ulizidi. Kabura alijua kwamba sasa adabu ilimtaka naye atoe chake. Alilifikiria jambo hilo kwa makini, kwa haki, akaona kwamba Warigia alikuwa amemwamuru Ken peke yake.

Kwa hiyo alisikia yote. Alisikia pumzi. Ken alipofika kwa wa tatu, pumzi ile ilibana. Ken alipompita wa tatu, ilitoka yote kwa mkupuo, na leso ya wa tatu ikatikisika. Aha, Kabura akajisemea. Wa tatu. Sasa ndiye pekee upande wao aliyejua, na hakuna kiti kitamu duniani kama hicho.

Ken akapita wa nne, wa tano, wa sita. Akasimama mbele ya wa saba. Akapinda kichwa. Huyo wa saba alikuwa amesimama kwa unyenyekevu mwingi, ameinamisha kichwa, mikono imekutana mbele. Ken akarudi nyuma hatua moja, akamtazama tena kwa upendo.

"Mungu wangu," sauti ikasema sikioni mwa Kabura. "Amesimama kwa nani? Mbona sisikii tena hatua zake? Kabura. Kabura, bado uko?"

Kabura akainamisha kinywa kwenye kitambaa. "Niko."

"Amesimama kwa nani?"

"Wa mwisho kabisa."

"Huyo ni Kim!"

Kim alikuwa binamu yake Warigia, mvulana wa kidato cha nne, mchezaji wa raga. Kabura aliutazama tena ule unyenyekevu, akauma ulimi.

"Mwambie si huyo! Kohoa!"

"Lakini Warigia," Kabura akanong'ona kwa uso wa mtu aliye kanisani, "si ulisema asisaidiwe?"

"Nilisema! Sasa nasema kohoa!"

"Ati ulitaka kujua."

"Sitaki tena! Atafunua Kim mbele ya mama yangu! Kabura, nitakununulia chochote, kohoa!"

Wimbo ulikuwa mkubwa, na ili asikike Warigia alikuwa amepandisha sauti kidogo kidogo, bila kujua, kama mtu anayeongea na simu kando ya kinu. Kabura alifungua kinywa. Kwa kweli alikuwa karibu kukohoa; alikuwa anamalizia tu kuonja. Lakini wakati huohuo Ken aliinua mkono kuielekea leso ya wa saba, Tata Jeniffer akainua wake, na wanawake wote, kwa mazoea ya ruracio kumi na moja, wakakata wimbo ghafla ili waone.

Ua ukawa kimya. Na katika kimya hicho, kutoka chini ya leso ya tatu, sauti ya bibi arusi ikatoka nzimanzima:

"KOHOA, KABURA, NI KIM HUYO!"

Jogoo mmoja nyuma ya jikoni alijibu, hakuna mwingine.

Ken akashusha mkono. Akageuka polepole. Alitembea akirudi, akampita wa sita, wa tano, wa nne, na alipofika kwa wa tatu hakuhitaji tena kutazama gambuti. Akaifunua leso. Warigia alikuwa humo, uso umelowa jasho, simu imebanwa kwenye shavu, macho yamefumbwa kabisa kama mtoto anayesubiri sindano.

"Huyu," Ken akasema. "Nchi nzima ya Murang'a hakuna mwingine anaamrisha watu akiwa amefunikwa."

"Ulikuwa unachukua Kim," Warigia akasema bila kufumbua macho.

"Nilikuwa bado naamua."

"Ulimwangalia sana!"

"Alikuwa amesimama vizuri."

Wa saba akajifunua mwenyewe, akainua mikono yote miwili juu kama aliyefunga bao, na hapo ndipo vicheko vilipopasuka, vikaenda hadi barabarani. Vigelegele vikafuata, ingawa Tata Jeniffer alikuwa akivizuia kwa mikono. Alidai faini. Simu imeonekana! Udanganyifu umeonekana! Lakini Mjomba Hezekiah alisimama, akaomba nafasi, na alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka ishirini na miwili.

"Wenyeji wetu," akasema, akiegemea fimbo yake, "sisi hatuna simu hapa. Bwana arusi wetu mpekueni masikio. Simu imetoka kwa leso yenu, kwa mkono wa binti yenu, ikimtaja mvulana wenu. Kama kuna mtu wa kutozwa, sisi tutapokea."

Wazee wa Kiriaini wakatazamana. Wakakutanisha vichwa. Mwishowe wakatamka kwamba jambo hili halijawahi kutokea, kwa hiyo halina bei, na watu wakale.

Watu wakala. Warigia alipita nyuma ya kiti cha Kabura akiwa na sahani, akamfinya mkono kwa nguvu ya kutosha kuacha alama.

"Ulikuwa utakohoa?"

"Nilikuwa nasafisha koo."

"Mwongo," Warigia akasema, akamwongezea nyama.

Kabura alikuwa bado anaitafuna alipoona kivuli kimemsimamia. Kilikuwa cha Tata Jeniffer. Shangazi alinyoosha kiganja. Kabura aliijua ishara hiyo kutoka shuleni, haina rufaa. Akaingiza kidole chini ya kitambaa, akatoa harage la kahawia, akaliweka katika kiganja kile.

Tata Jeniffer akaligeuza. Akalinusa. Akatazama kushoto na kulia, kisha akavuta kiti na kuketi karibu sana.

"Hii kitu," akasema kwa sauti ya chini, "mlinunua wapi?"

"Nyeri, Tata. Kwa Mutwiri, chini ya ngazi."

"Mtu akiongea, inashika?"

"Unamsikia mpaka mate."

Tata Jeniffer akafunga kiganja, akatazama mbali, kule ambako wanawake walikuwa wakikunja zile leso saba.

"Mwezi ujao kijana wangu anaenda kuchukua bibi huko Karatina," akasema. "Na yeye ni mjinga kuliko kaka yako. Utakuwa likizo?"

"Tutakuwa tumefungua, Tata."

"Basi nitakuombea ruhusa kwa mwalimu mkuu," Tata Jeniffer akasema, akiliingiza lile harage ndani ya mkoba wake na kufunga zipu. "Nitamwambia kuna msiba."